Nilihesabu mambo niliyoyaamua mwenyewe kwa mwezi mzima, nikapata 31

#1 Mzigua wa Chamazi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, tutakutana kwenye nyuzi za mpira.

Mimi ni mtu wa maabara kwenye hospitali moja ya serikali hapa Dar. Miaka 36, mke mmoja, watoto wawili, vyumba viwili vya kupanga Chamazi. Mwaka jana mwezi wa nane, Jumanne, inchaji aliniita pembeni akanionyesha simu yake. Namba ngeni ilikuwa imemtumia picha ya kitambulisho changu, chini yake imeandikwa kwamba mimi ni tapeli, tafadhali mwambie ndugu yako alipe deni. Deni lenyewe 84,000. Nilikuwa nimechukua 60,000 kwenye moja ya hizi programu za mikopo ya simu, siku 14, nikapitiliza siku tatu. Kabla sijarudi kwenye hadubini mama mkwe akapiga kutoka Korogwe. Naye kaipata. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Baba, mna njaa huko?"

Hatukuwa na njaa. Hiyo 60,000 nilikopa nimalizie mchango wa sendoff ya dada wa mfanyakazi mwenzangu, binti ambaye mpaka leo sijawahi kumtia machoni. Katibu wa kamati alikuwa anabandika kwenye grupu majina ya ambao hawajamaliza, kila baada ya saa mbili, na jina langu lilikuwa la tatu kutoka juu.

Usiku ule nilitegemea ugomvi nyumbani. Haukuwepo. Mke wangu alichomoa kaunta buku la kwaya mbili, lile alilomnunulia binti yetu kwa ajili ya shule, akapiga mistari kwa rula, akaniambia: "Andika kila kinachotoka, siku thelathini. Na huku mwisho andika nani ameamua." Safu ya mwisho ilikuwa na majibu mawili tu, "mimi" au "wao".

Kwanza mshahara, ili msidhani naongelea mamilioni. Wa msingi 1,100,000. Pensheni asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, bodi ya mikopo asilimia 15, kodi ya PAYE, chama cha wafanyakazi, halafu mkopo wa benki 240,000. Kinachosoma kwenye simu tarehe ya mshahara ni 443,500.

Siku thelathini zilileta mistari 112. Michango mitatu, jumla 130,000. Bando na vocha 38,000. Chipsi na soda za watu waliosema "twende basi mara moja" 26,000. Na mikeka ya kubeti mechi, ya jero jero na buku buku, 47,000. Mikeka ndiyo ilituletea mzozo. Kila palipokuwa na mkeka nilikuwa nimeandika "mimi". Mke wangu akakata, akaandika "simu". Nikabisha, nikamwambia hakuna aliyenishika mkono. Akaniuliza, "Ulikaa ukafikiri unataka kubeti, au simu ililia ukiwa kwenye daladala?" Simu ililia nikiwa kwenye daladala. Kila mara, wakuu. Nilirudi nyuma mstari kwa mstari na ilikuwa kila mara.

Baada ya kukata zile tulibaki na 31 zenye neno "mimi". Ndani ya hizo 31 hakukuwa na viatu vya shule vya binti yangu. Aliomba viatu mwezi mzima, vya zamani kisigino kimeliwa upande mmoja mpaka anatembea kama kabeba ndoo. Shilingi 15,000. Nilikuwa namwambia baba hana.

Hapo ndipo nilipoona ugonjwa wangu. Sikuwa na matumizi mabaya kama walevi. Nilikuwa na ndiyo ya haraka. Mtu akiuliza, jibu linatoka kabla sijajua swali. Maisha yangu karibu yote nilikuwa nimeyasaini palepale nilipoulizwa, kalamu ya muulizaji, kwenye meza ya muulizaji. Hata kozi niliyosoma chuo, rafiki alijaza fomu yake na mimi nikaijaza ileile tukiwa kwenye foleni ya stesheneri.

Kwa hiyo nilijipa sentensi moja tu: "Nitakujibu kesho asubuhi." Kwa kila kitu kinachozidi 5,000, na kwa kila kitu chenye saini.

Sasa niwape kisa cha topapu, yaani kuongezewa mkopo wakati wa zamani hujaumaliza, maana bila hicho ningekuwa nawahubiria tu.

Wiki kama sita baadaye maofisa mikopo walikuja hospitali. Mnawajua, wanakuja na tai na fomu zimeshajazwa jina lako. Nilikuwa nimebakiza miezi 34 kwenye mkopo wangu. Kijana akaniambia, "Bro, wewe umeshalipa vizuri, unastahili topapu. Makato hayabadiliki, yanabaki palepale 240,000. Unapata 4,100,000 mkononi. Saini hapa, hapa na hapa, Ijumaa hela inasoma." Makato hayabadiliki! Hilo neno ni tamu, usiombe. Idara nzima walikuwa kwenye foleni. Mimi tayari kichwani nilishanunua friji la milango miwili na kiwanja Mkuranga.

Nikamwambia nitamjibu kesho asubuhi. Alinitazama kama nimemtukana mama yake. Akasema kesho hawapo, ofa inaisha leo. Nikaomba karatasi moja tu nikaenda nayo nyumbani.

Mezani mke wangu aliuliza swali moja, "Miaka mingapi?" Sikuwa nimeangalia. Miezi 72, inaanza upya. Tukachukua kikokotoo cha simu. Nikibaki nilipo: 240,000 mara 34 ni 8,160,000, namaliza. Nikisaini: 240,000 mara 72 ni 17,280,000. Tofauti 9,120,000. Yaani ile 4,100,000 ya Ijumaa ningeirudisha kwa milioni tisa na laki moja na ishirini. Friji gani hilo?

Na ofa haikuisha. Kesho yake walikuwepo. Keshokutwa pia.

Sisemi topapu ni haramu. Jirani yangu wa maabara alichukua akamtibu mama yake, alijua anachokifanya na angechukua hata kwa bei hiyo mara mbili. Mimi ningechukua kwa sababu kulikuwa na foleni.

Niliposhindwa pia niseme. Mwezi wa kumi na moja baba mdogo alifariki Handeni. Simu ikaja saa nne usiku, na mimi kama mjinga nikajibu "nitawajibu kesho asubuhi". Msiba haujibiwi kesho. Shangazi hajanisamehe mpaka leo, na ana haki. Tangu hapo kuna bahasha kabatini, 20,000 kila mwezi, imeandikwa MSIBA, haiguswi kwa sendoff wala kwa ubarikio.

Nataka kusikia wenzangu. Ni jambo gani uliwahi kusaini kwa kalamu ya mtu mwingine?

#2 SitiYaMbele

Niko siti ya mbele, kaunta buku mkononi. Hilo swali la mwisho nitalijibu kesho asubuhi.

#3 Nguli_wa_Jiji

Uzi mrefu kama foleni ya Mbagala. Aliyesoma atufupishie.

#4 Mwanasheria Njaa

Mkuu, pole kwa kudhalilishwa. Mambo mawili ya kazi.

La kwanza. Picha yako na namba za ndugu zako ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo, inapokea malalamiko. Benki Kuu nayo Novemba 2024 ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni, itafuteni muisome. Lakini nikuulize, siku unapakua ile programu si ilikuuliza iruhusiwe kusoma majina kwenye simu? Ukabonyeza "ruhusu". Pale ndipo ulipomtoa mama mkwe. Hata huo mstari ungekuwepo kwenye daftari, ungeandika "mimi" au "simu"?

La pili, kuhusu topapu. Watu hawajiulizi kwa nini makato "hayabadiliki". Mtumishi anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi baada ya makato yote. Ukishafika ukingoni, benki haiwezi kukuongezea makato hata ikitaka. Kilichobaki cha kunyoosha ni muda. Kwa hiyo wanakuuzia miaka yako, halafu wanakwambia hawajagusa mshahara. Wewe ulikuwa bado na nafasi kidogo, lakini wamezoea kuuza hivyo.

#5 Mzigua wa Chamazi

Mwanasheria, umenimaliza. Nilibonyeza "ruhusu" nikiwa nasubiri chai. Andika "simu".

#6 Mama Doto

Kaka, uzi mzuri, ila naomba niutie mchanga.

"Nitakujibu kesho" ya mwanaume inaitwa busara. Ya mwanamke inaitwa kiburi. Nina mawifi watano. Wifi mkubwa akipiga simu kwamba kuna kitenge cha sare, mita sita, elfu arobaini na tano, halafu mimi nimwambie nitamjibu kesho asubuhi, kufika jioni ukoo mzima Singida wanajua kwamba mke wa kaka yao ameanza kupanda mabega. Nilijaribu mwaka juzi. Nilikalishwa kikao.

Sasa mimi nimepata njia yangu, msinicheke. Nasema, "Ngoja nimuulize baba Doto." Hapo hakuna anayekasirika, wananisifia kabisa kwamba nina heshima. Baba Doto mwenyewe hajui hata moja. Usiku nalala nalo, asubuhi nawapigia: "Baba Doto amesema mwezi huu hapana." Jina lake limenisaidia kujenga banda la kuku 200 na yeye anadhani ni hela za kikoba.

#7 Boda wa Goba

Dada Mama Doto 😂😂 yaani huyo mzee anatawala nyumba bila taarifa.

Sisi wanaume tumeonewa. Mimi nikisema kijiweni "ngoja nimuulize mke wangu" nitaitwa jina hilo mpaka nife.

#8 Mama Doto

Mdogo wangu, nikuazime baba Doto?

#9 Boda wa Goba

Nimerudi, sasa nachangia kwa uzito. Mleta uzi una slipu ya mshahara. Wengi wetu hatuna, ukituambia "amua" tunaona kama unatuchora. Lakini hata huku kuna kalamu za watu.

Nilivyoanza boda nilipewa pikipiki ya hesabu, 8,000 kila siku kwa bosi, mvua au jua. Miaka miwili. Siku nilipokaa kupiga mahesabu, kwa siku 600 nilizofanya kazi nilikuwa nimempa 4,800,000 na pikipiki bado ni yake. Mpya dukani wakati ule ilikuwa 3,100,000.

Nikaenda kwa mtu wa mkataba. Yeye anataka 10,000 kwa siku, siku 450, halafu kadi inakuwa jina langu. Hiyo ni 4,500,000 kwa pikipiki ya 3,100,000. Najua naumia 1,400,000, nimeiandika ukutani juu ya kitanda, naiona kila nikiamka. Ila sikuwa na 3,100,000 na nisingeipata kwa kudunduliza, mimi najijua, kibubu changu kina mlango. Kwa hiyo huyo jamaa namlipa anitunzie nidhamu. Nimebakiza siku 71.

Watu kijiweni wananiambia nimepigwa. Sawa. Lakini safari hii niliangalia bei kabla.

#10 Nguli_wa_Jiji

Ukiugua siku tatu mfululizo?

#11 Boda wa Goba

Anaichukua. Iko kwenye karatasi. Ndiyo maana niliacha kwanza elfu thelathini kwa mama lishe wangu, ni ya siku tatu. Nimeshaitumia mara moja, malaria ya mwezi wa nne, nikairudisha.

#12 Kijana wa Likoni

Ndugu zangu wa Tanzania, salamu kutoka Likoni. Nimesoma mpaka mwisho nikiwa kwenye feri, nikapitwa na zamu ya kushuka nusura nirudishwe ng'ambo.

Huku kwetu simu yenyewe ishakuwa mshirika. Pesa zikiingia inakata deni lake kwanza, mimi nasalimiwa na salio lililobaki. Nilikuwa nalipwa tarehe moja na kufikia tarehe moja hiyohiyo jioni nishaingia deni tena, mia mbili mia tatu, za unga, za matatu. Kila mara nikisema ni kidogo. Wallahi sikuwa nakaa kuamua, kidole chenyewe kilikuwa chajua njia, hata gizani.

Nilichofanya ni kuifunga ile huduma ya mkopo wa simu. Nilipoifunga wiki ya kwanza nilitembea kwa miguu siku mbili kutoka kazini. Na Jumamosi simu nampa mama yangu aifungie ndani ya kanga, maana Jumamosi ndiyo siku ya mechi. Mama hajui kusoma hata tarakimu vizuri, lakini ukimwomba simu kabla ya isha atakuuliza, "Wamtafuta nani?" Ukisema jina, anakwambia, "Huyo atakuwepo kesho." Kumbe ni sentensi yenu hiyohiyo.

#13 Mzigua wa Chamazi

Mama apewe maua yake. Mpelekee salamu, mwambie kuna mtu wa Chamazi anataka kumkabidhi simu.

#14 Bint Fuoni

Assalaam alaykum. Mie ni msomaji tu, sijawahi kuandika humu. Niko Maskati, kazi za nyumbani, mwaka wa nne huu.

Swali la kaka wa mwanzo limenikalisha. Nnatuma riyali 60 kila mwezi kwa kakangu anijengee Fuoni, Zanzibar. Alisema kiwanja kapata kwa bei nzuri, nisichelewe, kuna mtu mwengine anakitaka. Nikatuma siku ile ile. Jana usiku, walipolala wenye nyumba, nikachukua kalenda ya bakala, yaani ya dukani, nikaandika nyuma yake. Miezi 38 mara riyali 60. Ni riyali 2,280.

Sijawahi kukiona kiwanja. Nimeletewa picha tatu. Leo nikazitazama kwa makini, picha mbili zina mnazi upande wa kulia na moja haina.

Sijui hata niulize vipi. Yeye ndiye aliyenilea baada ya baba.

#15 Mama Doto

Mdogo wangu, pole. Usimuulize kwa hasira, na wala usimuulize kwa maneno. Mwambie umekumbuka nyumbani, unataka kuuona msingi kwa simu ya video, asimame hapo kiwanjani akuzungushie pande zote. Mwenye kiwanja chake hilo ni furaha kwake.

#16 Mwanasheria Njaa

Na umwambie akupigie picha hati ya mauziano, yenye jina la aliyenunua na muhuri wa sheha. Usiitishe zote siku moja. Video kwanza.

#17 Bint Fuoni

Nimempigia. Kasema mtandao mbovu kule. Nimemwambia nitampigia Ijumaa, ndiyo siku yangu ya kupumzika. Kanambia Ijumaa ana harusi. Kisha kanambia saruji imepanda, nitume mapema mwezi huu.

#18 Mzigua wa Chamazi

Dada yangu, usitume hata baisa moja kabla ya Ijumaa. Sisi tupo hapa.

#19 Boda wa Goba

Nina mtu Fuoni, dereva wa daladala, tumesoma wote. Ukitaka aende kimyakimya nitumie ujumbe inbox. Usiandike eneo hapa hadharani.

#20 Nguli_wa_Jiji

Nimerudi kusoma uzi wote. Nafuta maneno yangu ya juu.

#21 Bint Fuoni

Ijumaa imefika na nimempigia kwa video. Hakupokea. Nikampigia mtoto wake mkubwa, yule nlomwacha darasa la tatu, sasa kijana. Nikamwambia nenda kwenye kiwanja cha shangazi yako, nionyeshe. Kaenda bila ya kusita, kajua kilipo.

Msingi upo. Matofali yapo, na mnazi upo upande wa kulia. Akawa ananizungushia mimi nalia kwa furaha, namwambia mungu amuweke baba yako, nimemdhania vibaya. Mara kikatokea kizee kimoja cha kiume na kikoi, kikachukua simu mkononi mwa mtoto, kikanitazama vizuri. Kikanisalimia kwa adabu. Kisha kikaniuliza, "Mwanangu, wewe ni nani, na mbona unapigwa picha msingi wangu?"

Mwezi huu sijatuma.